Itongo la Ndaki

Shangazi yangu Nyanjige hakuwahi kushindwa na ng'ombe, wala mume, wala njaa. Lililomshinda ni neno moja, na mpaka leo nikilikumbuka natamani kumzaba mtu kofi.

Neno lenyewe ni kaburi. Kwa watu wa umri wake, huku kwetu Mwamapalala, kaburi ni kitu cha misheni: saruji, msalaba, jina lililoandikwa kwa kijiti kabla saruji haijakauka. Baba yake, Ndaki, hakuwa na kitu kama hicho. Alifariki kabla ya Uhuru, akazikwa kama walivyozikwa wenye miji wote, yaani wakuu wa kaya, ndani ya zizi lake, amefungwa kwenye ngozi ya dume jeusi, ili ng'ombe wampitie juu kila jioni wakirudi kutoka malishoni. Mji kama huo watu wakiuhama unaitwa itongo. Kwetu ukisema itongo la fulani, hakuna haja ya kuongeza kwamba mwenyewe yumo.

Nyanjige aliolewa kijiji cha Zagayu akarudi kwao, kwa sababu mume alimuuzia ndama wake bila kumuuliza. Hakuolewa tena. Alichunga ng'ombe wa baba yake, na baba alipofariki akabaki nao. Mwaka sabini na nne ikaja Operesheni Vijiji. Mgambo waliezua nyumba yake mchana kweupe, wakampakia kwenye trela la trekta pamoja na kuku wake, wakaenda kumshusha kando ya barabara na kumwambia kuwa sasa ana maendeleo. Alikaa hapo, hakuwa na la kufanya. Lakini kila msimu alirudi kwenye itongo.

Udongo wa zizi la zamani ni mweusi, na pamba yake ingefika mabegani. Watu walimwomba walime, hata kwa kugawana mavuno. Aliwakatalia wote, jembe halikuingia ndani ya mduara wa minyaa uliolizunguka zizi. Yeye aliingia na kibuyu cha maji yaliyochanganywa na unga wa mtama, akamwaga, akamsimulia baba yake habari za mvua na za ng'ombe. Jumapili alikwenda misa kama kawaida. Katekista alipomsema, alimjibu kwamba padri anaongea na baba yake, na yeye anaongea na wake.

Ndipo zikaja enzi za ruksa. Wanunuzi binafsi wa pamba waliingia na malori yao, kila mmoja akipakia mpaka lori linapiga magoti, na daraja letu la magogo likaanza kulia. Mvua za El Nino zikalimalizia. Pamba ya upande wetu ikaozea kwenye nyumba za watu, huku wanunuzi wakituangalia kutoka upande wa pili wa mto kama watu wanaotazama mpira. Kwa hiyo wafadhili walipokubali kujenga daraja la zege, hata Nyanjige alipiga vigelegele. Walikuwa na sharti moja tu: kabla ya kazi, aje mtaalamu wa mambo ya kale akague kama hakuna kitu cha maana chini ya ardhi.

Mtaalamu akaja kutoka Dar es Salaam, bwana Januarius, mtu mpole, mwenye kofia pana. Kisukuma hakujua hata salamu. Mkalimani wake akawa Malimi, mtendaji wetu wa kijiji, ambaye alikijua vizuri lakini akikionea aibu mbele ya wageni. Mimi sikuwapo, nilikuwa Bariadi kwenye foleni ya pamba. Nyanjige mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na Malimi hajawahi kubisha.

"Mayu, mgeni anauliza, huku kuna makaburi?" Malimi alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Yaya," alikataa Nyanjige. "Makaburi yako kanisani. Hapa ni itongo la Ndaki."

"Anasema hakuna makaburi," Malimi akamwambia mgeni. "Anasema hapa ni shamba la zamani la baba yake."

Shamba! Ardhi ambayo haijaguswa na jembe tangu mwenyewe alazwe humo.

Wakati ule haikuonekana kuwa na madhara, kwa kuwa barabara ilikuwa ipite palepale pa zamani. Lakini Januarius alipochimba mashimo yake karibu na daraja lililokufa alikuta vigae na mavi ya chuma. Akafurahi sana. Alisema wafua chuma walikaa hapo miaka mingi, kabla hata ya babu za babu zetu, na haifai kuwafukia. Akashauri barabara isogezwe upande wa juu, mahali ambapo, kwa mujibu wa wenyeji, palikuwa na shamba tu. Mwezi uliofuata vigingi vyekundu vilipita katikati ya minyaa ya Nyanjige.

Nilimpeleka Bariadi kwa baiskeli. Ofisi ya kwanza ikatuelekeza ya pili, ya pili ikasema bosi yuko kikaoni. Tuliporudi, bosi alikuwa safarini. Siku tuliyompata alitusikiliza huku akitafuta kalamu yake, kisha akasema ripoti imeshapita na inaonyesha kwamba wenyeji wamethibitisha hakuna makaburi. Nikamweleza kuhusu itongo. Akaniuliza, "Sasa ni kaburi au si kaburi?" Nikajibu si kaburi, lakini kuna mtu. Akacheka, na wallahi hakucheka kwa ubaya, ndicho kilichoniudhi zaidi.

Tulimfuata Malimi nyumbani kwake. Alikuwa amekosa raha.

"Mayu, ulisema mwenyewe hakuna," alisema. "Wao wanataka kitu cha kuonekana. Kungekuwa hata na saruji, ningewapeleka wakaone."

Nyanjige alilichukua kama lilivyo. Aliuza ng'ombe, akanunua saruji, akamwita fundi, na ndani ya zizi la Ndaki, mzee ambaye hakuwahi kubatizwa, ukasimama msalaba wenye jina lake. Lilikuwa kaburi zuri, ukilitazama kama kaburi. Nilimwambia tutapata matatizo. Alinijibu kwamba wametaka kaburi, basi amewapa kaburi.

Mhandisi wa mradi alikuja, akaikwangua saruji kwa ukucha. Bado ilikuwa na unyevu. Alisema kila mahali wanapopeleka barabara watu huzusha makaburi kwa ajili ya fidia, lakini wengi wao hujitahidi kuliko huyu. Vijana wa kambi ya mradi walicheka. Nyanjige alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba hataki fidia, anataka baba yake. Mhandisi akaamuru saruji ivunjwe. Nilishikwa na watu wawili, la sivyo ningekuwa nasimulia haya kutoka gerezani.

Kesho yake greda likaingia. Lilikata tabaka la kwanza, likakata la pili, kisha dereva akazima injini na kuteremka. Mfupa wa mguu ulikuwa nje, na juu yake bangili ya shaba.

Kazi ikasimama, Januarius akaitwa tena. Alipiga magoti akafagia kwa brashi, taratibu, kwa heshima ambayo hatukuiona kwa mwingine yeyote. Kisha akatueleza, Malimi akitafsiri. Kama huyu ni mtu wa juzijuzi mwenye ndugu, serikali itamfukua na kumhamishia makaburi ya kijiji, na barabara itapita. Kama ni wa kale, asiyejulikana, atafunikwa palepale, eneo litazungushiwa waya hadi fedha za utafiti zipatikane, na barabara itapindishwa.

Nyanjige aliitazama ile bangili. Utotoni alikuwa akiizungusha kwenye mguu wa baba yake mpaka anapata usingizi. Wote tulikuwa tunamngoja aseme, kwa sababu jina la baba yake alikuwa amelitaja katika kila ofisi ya Bariadi mpaka sauti ikamkauka.

"Mayu, unamjua huyu?" Malimi aliuliza, kwa sauti ya chini.

Nadhani aliwaza lile trela la trekta, na namna mtu anavyoshushwa mahali asipopachagua.

"Simjui," alisema. "Ni wa zamani sana."

Barabara ikapindishwa, ndiyo maana ina kona ambayo madereva wageni huitukana. Fedha za utafiti sijazisikia. Kuna waya, kuna kibao cha kukataza watu kuingia, na kuna mlinzi wa mradi anayelala kutwa. Msimu wa kulima ukianza namsindikiza shangazi na kibuyu chake, naye humwaga nje ya waya, haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu. Safari moja nilimsalimu babu kwa jina lake. Nyanjige alinifinya mkono mpaka ukaniuma.

"Shija, usimtaje," alisema. "Watasikia, watamhamisha."