Saa Moja na Nusu ya Kwenda Kumzika Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipofia Dar es Salaam, mwanawe, aliyezaliwa huko huko na Kishapu, kwetu Shinyanga, anaijua kwa picha, alinipigia simu mchana.

"Shikamoo baba mkubwa. Tunazika kesho alasiri. Usihangaike na basi, tumekukatia ndege kutoka Mwanza. Saa moja na nusu tu, uko hapa."

"Marahaba. Saa moja na nusu kutoka wapi, ng'wanawane, mwanangu?"

"Kutoka uwanjani, baba. Simu inaonyesha."

Sikubishana na simu. Nilitaka kimoja tu: kumtupia udongo mdogo wangu kabla kaburi halijafunikwa. Mke wangu akachota udongo wa uani kwetu, akaufunga kwenye pindo la kanga, akapanda basi jioni ile ile. Nikamcheka. Mtu anaachaje ndege, akakae na viroba vya mchele wa watu miguuni?

Alfajiri nikadandia bodaboda mpaka barabara kuu, kisha basi la Mwanza. Dar iko mashariki, mimi naelekea ziwani. Shule ilinishinda mapema, lakini hata ng'ombe ukimpeleka kinyume na zizi hugeuza shingo.

Uwanjani wakaninyang'anya samli ya wafiwa. Eti ni kimiminika. Nikawaambia waingoje asubuhi, huwa imeganda. Hawakucheka. Samli ile, nawaambieni, ilikuwa ya ng'ombe mwekundu, yule aliyewahi kula shuka la mwalimu... basi, tuyaache. Tukakaa kuingoja ndege, kumbe yenyewe bado iko Dar.

Hatimaye tukapaa. Mara rubani akatangaza kwamba chini yetu ni Shinyanga. Nikachungulia: mabati yanametameta, mashamba ya pamba. Nasafiri tangu alfajiri, na ndiyo kwanza nimefika kwetu! Tofauti ni kwamba sasa siwezi kushuka.

Dar tukakwama kwenye foleni. Nilipoingia makaburini, watu walikuwa wanakung'uta viatu. Kaburi lilishakuwa tuta.

Mtani wetu Mzaramo hakunipa hata pole. Msibani mtani hana adabu, ndiyo kazi yake. "Msukuma! Marehemu kakutangulia, na tiketi hakukata!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Mwana wa marehemu akaninong'oneza, "Lakini baba, angani si ilikuwa saa moja na nusu kweli?"

"Kweli kabisa. Kasoro baba yako hamkumzika angani."

Akainamia simu yake.

Mke wangu akanivuta kando, akafungua pindo la kanga. Udongo wa uani ulikuwa umebaki gao moja.

"Nimemtupia nusu. Hii yako. Nilijua tu, mwenye ndege atachelewa."

Nikaumwaga juu ya tuta. Ulikuwa mwekundu kidogo kuliko mchanga wa Dar, ukaonekana hata kwa mbali.