Damu ya Randa

Shemeji yangu ni seremala, na mtaa mzima unamwita Randa. Ni hodari wa mbao, na hodari zaidi wa kujigamba. Dada yangu alipopasuliwa uvimbe tumboni na kupungukiwa damu, mimi na kaka tulikwenda hospitali kumtolea. Randa alituzuia mlangoni, vumbi la mbao bado limo kwenye nyusi zake.

"Rudini nyumbani, shemeji zangu. Mke wangu haingizwi damu ya mtu mwingine na mimi nipo."

Kundi lake lilifaa, basi akatoa yeye. Damu ilipokuwa ikiingia, dada alishikwa na homa na kutetemeka. Muuguzi akaufunga mfuko, akampa dawa, hali ikatulia. Randa akacheka: "Hiyo ya dume, lazima ipige hodi!" Sote tukacheka. Sikujua tunacheka nini.

Dada akarudi kwenye cherehani yake, akashona sare za shule miaka mingi. Akimshinda mumewe kwa maneno, Randa husema, "Hiyo ni damu yangu inayoongea." Kisha presha ikaziua figo za dada. Sasa husafishwa damu kwa mashine, na vidole vilivyokuwa vikitunga uzi bila kutazama havishiki hata sindano. Kaka alishafariki, mimi nina kisukari, siwezi kumtolea figo. Akabaki Randa. Aliacha sigara, akaenda kupimwa akitamba barabara nzima kwamba figo anayo.

Daktari alimkalisha, nami nikiwa kando.

"Mzee, uliwahi kumpa mama damu?"

"Ndiyo! Mimi mwenyewe!"

"Mwili wake uliiona ngeni, ukatengeneza kinga dhidi yako. Kinga hiyo bado ipo, tena kali. Figo yako tukiiweka, itashambuliwa papo hapo."

"Lakini huyu ni mke wangu," alisema Randa, kana kwamba damu inajua cheti cha ndoa. Nilitamani kumzaba kofi. Nilimhurumia pia, na hilo liliniudhi zaidi.

Siku hiyo alikaa kando ya mashine, akitazama damu ya mkewe ikipita kwenye mipira. Dada akafungua macho.

"Baba watoto, siku ile ungewaachia ndugu zangu, leo ningekuwa na figo yako."

Randa, mtu wa maneno, akamfunika miguu, akatoka kumnunulia maji ya kunywa, naye akijua fika kwamba tangu figo zife dada amekatazwa maji.