Mpira Mweusi wa Petroli

Nikishika mpira mpya wa petroli, hadi leo naunusa kwanza. Harufu yake kali, kama ya tairi lililoachwa juani, hunirudisha Igoma, mbele ya lori kuukuu la marehemu baba, boneti ikiwa wazi.

Nilikuwa na miaka kumi na nne. Baba na mama walikuwa wametutoka, shule nilikuwa nimeiacha, na wadogo zangu, mapacha Kulwa na Doto, walinifuata kila nilikokwenda. Lori lilikuwa limebaki kwetu. Baba mdogo Masanja aliliendesha, akivuka nalo ziwa kwa kivuko kwenda Kamanga kuchukua mihogo. Wiki ile mpira wa petroli ulipasuka, ukawa unadondosha matone karibu kabisa na bomba la moshi.

"Shikamoo, fundi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwenye gari," akajibu fundi Bujiku. Nikageuka nyuma kuona anamsalimia nani.

Aliuchomoa ule uliopasuka, akanipa niushike, kisha akaweka mipira miwili mipya juu ya gunia. Mmoja wa plastiki, unaong'aa kama maji. Mwingine mweusi, mzito, wenye nyuzi ndani.

Baba mdogo aliuwahi wa plastiki. "Huu unaiona petroli ikipita. Huo mweusi utajuaje kinachoendelea humo?"

Fundi akaokota kipande cha mpira wa plastiki kilichogeuka njano, alichokitoa kwenye gari la mtu. Akakikunja. Kikakatika kama biskuti.

"Na hiki kilikuwa kinang'aa hivyo hivyo," akasema. "Chagua, mwenye gari. Wanaopanda ni hawa wako wawili."

Waliokuwepo wakacheka. Nikauonyesha mweusi kwa kidole.

Siku ile ile, mpira mweusi ukiwa umeshafungwa, kwenye foleni ya kivuko, mapacha wakiwa wamebanana katikati yetu, nikasikia harufu ya petroli. Moto niliuona kabla haujawaka.

"Zima gari! Baba mdogo, zima!"

Nikawaburuta wadogo zangu hadi chini. Kiatu kimoja cha Doto kikabaki ndani. Boneti ikafunguliwa. Mpira ulikuwa mkavu. Harufu ilikuwa kwenye viganja vyangu, nilivyoshikia ule mpira mbovu.

"Bibi Petroli huyo!" akapaza sauti dereva wa nyuma yetu. "Mpeni feni apunge upepo!"

Baba mdogo hakucheka. Alipitisha kidole kwenye mpira wote, akakinusa, akarudia tena.

Kwa miaka mingi nilimhesabu kuwa mzembe, kwa sababu ya ile plastiki. Nilikuja kumwelewa nilipoanza kuliendesha lori mwenyewe. Alitaka kuiona petroli kwa sababu naye aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia. Boneti ile aliifungua kabla sijamaliza kupiga kelele.

Jana nilifunga mpira mpya, mweusi. Nikapitisha kidole mwanzo hadi mwisho, nikakinusa. Kikavu.

Nikarudia tena.