Marehemu Mwenye Brashi

Mchora mabango mmoja, ambaye watu humwita Brashi, hakuwa na ubaya na mtu. Tatizo lake lilikuwa sikio: neno likishaingia, halitoki. Mwezi uliopita alikwenda kuandika jina kwenye mlango wa mhadhiri wa fasihi, akamsikia akiwaambia wanafunzi, "Mwandishi akishaandika, mhesabuni amekufa. Maana ni ya msomaji." Loo! Brashi alishuka ngazi amekuwa mhakiki.

Basi kinyozi wa mtaani kwao akamwita amwandikie ukuta. Brashi alifurahi kupita kiasi, maana alikuwa anamtaka binti wa kinyozi, nesi mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, na wiki hiyo hiyo alikusudia kupeleka posa, jambo ambalo hata kinyozi alishalisikia. Akaandika kwa herufi nyekundu, kubwa kubwa: KINYOZI HODARI WATOTO BURE.

Asubuhi mtaa mzima ulikuwa pale umeshika mbavu. Kinyozi akatoka na mashine ya kunyolea mkononi, inanguruma.

"Watoto bure? Mimi nina mtoto mmoja tu, huyu nesi! Bure kwa lipi?"

Nesi alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Hacheki. Mwenye akili zake angeomba radhi. Lakini wapi, sikio la kufa halisikii dawa.

"Mzee, mimi mwandishi nimeshakufa. Maana ni yenu wasomaji."

"Umekufa?"

"Kinadharia, mzee."

"Haya, poleni wafiwa," kinyozi akasema. "Ila marehemu haoi."

Akageuka aingie ndani. Brashi akaitupa nadharia pale pale, akarukia kopo la rangi.

"Niko hai, baba! Wallahi niko hai! Nilikusudia watoto hawalipi, ukuta ndio ulikuwa mfupi!"

Akaufuta ule mstari wa aibu, akaandika WATOTO HAWALIPI kwa herufi ndogo ndogo, rangi imemfika puani.

Nesi akausoma polepole, kama anayesoma cheti cha dawa. Kisha kile kicheko kikamtoka, mtaa wa pili wakasikia.

"Baba, huyu anapumua," akasema. "Mimi ndiye nesi, najua."

Kinyozi akazima mashine.

"Posa ulete kesho," akamwambia Brashi. "Kwa mdomo. Usithubutu kuandika kitu."