Sahani ya Maharage ya Kemirembe

Msinisimulie habari za Kemirembe kana kwamba alizaliwa na jembe mkononi. Leo mnaona kibanja chake hapa Kaisho, migomba imejaa, mnadhani ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyemfundisha kulima, mwaka wa arobaini na saba, na mimi huyohuyo nusura nimfukuzishe. Kaeni niwaeleze.

Alitokea upande wa Bweranyange, mjane mrefu, mwembamba, binti yake Komujuni mgongoni. Mbung'o walikuwa wamemaliza ng'ombe wa marehemu mumewe, akabaki mmoja tu, jike jekundu aitwaye Bihogo. Shemeji yake akamwambia, "Ukiacha mambo ya kanisani, nitakuweka kwangu. Usipoacha, nenda kwa hao Wakristo wako." Akaja kwetu na ng'ombe wake. Wazee wa kanisa wakampatia kipande cha ardhi kando ya changu.

Kazi aliiweza. Viganja vilipochubuka alivifunga kwa majani ya mgomba, akaendelea. Shida ilikuwa chakula. Kwao mtu akila maharage, siku hiyo hagusi maziwa. Akigusa, ng'ombe anaugua, hata kufa. Na sisi huku tunakula nini? Ndizi na maharage, maharage na ndizi! Yeye akashikilia maziwa. Ng'ombe mmoja, jamani: kibuyu kwa mtoto, mafunda mawili kwake, kisha jembe mpaka jua kichwani. Akabaki mifupa.

"Mama Komujuni, umebatizwa," nikamfokea siku moja. "Bado unaogopa maharage?"

"Nimemkubali Yesu, Mama Muhangi. Sijamkataa Bihogo."

Nikaudhika zaidi.

Mwinjilisti wetu Yustasi hakumsukuma. Alimwambia tu, "Aliyeumba ng'ombe ndiye aliyeotesha maharage. Muulize mwenyewe." Akamuuliza miezi mizima. Jumapili ya mavuno, tumeketi nje ya kanisa tunakula, nikamwona anavuta sahani ya maharage. Akafumba macho, akaomba mpaka mchuzi ukapoa. Akala. Jioni akanywa maziwa. Nilifurahi mpaka nikalia.

Asubuhi nikasikia yowe. Bihogo alikuwa amelala ubavu kando ya migomba yangu, macho yamemtoka, mate yanachuruzika. Kila akijaribu kusimama, miguu inakwenda huku na huku, anaanguka. Yustasi alishafika, amepiga magoti pembeni yake anaomba. Kemirembe alikuwa ameshafunga mzigo.

"Nimemuua kwa tamaa ya tumbo langu," akaniambia. "Akipata nguvu, namrudisha Bweranyange. Shemeji akitaka niache kanisa, nitaacha. Nilimuuliza Mungu, na jibu lake ndilo hili."

Na mimi? Mimi nilijua. Lo, nilijua mara tu nilipouona ule mdomo! Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimesimama kanisani mbele ya watu wote, nikashuhudia kwamba nimeokoka na pombe sipiki tena. Wakaimba, wakanikumbatia. Kumbe nyuma ya nyumba nilikuwa na mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ni wa harusi ya mdogo wangu, huu ndio wa mwisho, ndivyo nilivyojidanganya. Alfajiri ile nilikuwa nimeichuja, na yale machicha ya ndizi na mtama nikayamwaga migombani nisionekane. Bihogo akakata kamba yake, akayala yote.

Ningenyamaza, nani angejua? Nikamtazama Komujuni. Alikuwa amekalia mzigo wao, miguu inaning'inia, tayari kwa safari.

"Mwalimu Yustasi, inuka," nikasema. "Ng'ombe huyo haumwi. Amelewa. Amekula machicha ya pombe yangu."

Yustasi akafumbua macho, akanitazama tu. Heri angenifokea. Kemirembe akainama, akanusa pua ya Bihogo, kisha akakaa palepale kwenye umande. Nikangoja anitukane. Nilistahili.

"Kwa hiyo si maharage?"

"Si maharage, mama. Ni mimi."

Akaanza kucheka. Alicheka polepole, halafu kwa nguvu, machozi yanamtiririka. Bihogo naye akacheua, harufu ya rubisi ikatuvaa wote, na hata Yustasi akashindwa kujizuia.

Adhuhuri Bihogo alisimama, kichwa chini. Jumapili iliyofuata nami nilisimama kanisani, kichwa chini kuliko chake, na hayo msiniulize. Mtungi niliuvunja mwenyewe.

Lakini mchana uleule wa Bihogo kulewa, Kemirembe alikuja mlangoni kwangu. Alikuwa ameshafungua mzigo wake na kutoa sahani. Akaninyooshea.

"Yamebaki?"

"Nini?"

"Maharage," akasema. "Jana nilikula kwa woga, hata ladha yake sikuisikia."