Partner wangu Msenegali alikamatwa siku niliyomzika baba

Wakuu, salamu kutoka Nakuru. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nina duka la vitenge hapa town na partner wangu Modou, wa kutoka Senegal. Yeye huleta mzigo, mimi nauza. Aliingia kama mgeni wa biashara kwa eTA, kile kibali cha kuingia nchini unachoomba mtandaoni, kisha tukapeleka maombi ya Class G, ile permit ya mwekezaji. Mtaji ulikuwa umefika kiwango wanachotaka. Tulingoja jibu tu.

Wakili alituonya mapema: kwa eTA unaweza kukagua mali, kukutana na supplier, kusaini mkataba. Kuuza, hapana. Modou alitii. Alikaa kiti cha wateja, akiulizwa bei ananionyesha mimi.

Halafu baba akafariki.

Tulimzika nyumbani, Longonot. Na mnajua watu wetu: ukifiwa, majirani wa biashara hufunga waje mzike pamoja. Line yetu nzima ya maduka ilifunga. Nilimwambia Modou afunge pia, akasema atanifuata.

Hakunifuata.

Maafisa wa immigration walikuwa wanapita huo mtaa kwa shughuli zao. Mlango uliokuwa wazi ni mmoja tu. Wakamkuta na mkasi, anamkatia mathe mmoja kitenge.

"Boss, wewe ndio unauza hapa?"

"Ndiyo, karibuni." Alidhani ni wateja.

Simu ilinipata kabla hata hatujaweka maua.

Alipelekwa kortini, akapigwa faini, akarudishwa kwao. Maombi yakafia hapo. Nilikuwa na hasira naye, tena nyingi, hadi aliponipigia kutoka Dakar nikamuuliza mbona hakufunga.

"Dada, nilitaka urudi kutoka kwa mazishi upate kazi imesonga."

Nililia kuliko nilivyolia kaburini.

Funzo ni hili: kupeleka maombi si kupewa permit. Kama ni kungoja, ngoja kabisa, hata huruma nayo ingoje. Na wewe Mkenya mwenye partner mgeni, ukienda matanga funga duka mwenyewe, ubebe ufunguo.

Sasa nauliza. Kuna mtu hapa alirudishwa kwao kwa kosa kama hili na baadaye akakubaliwa Class G? Alianzia wapi? Modou huniuliza kila tukiongea, na nimechoka kumwambia sijui.