Mzee wa Kahawa Kwenye Ghala la Motokaa Kuukuu

Shule niliiacha darasa la nne, au tuseme tuliachana, maana hakuna aliyemlilia mwenzake. Nikawa fundi charahani, barazani Kariakoo. Miguu yangu ikazoea kukanyaga hata nikikaa kula inapiga tu chini, mama ananiuliza, "We, unashona ubwabwa?"

Mwaka ule miguu ilizidi. Nilitaka kuoa. Binti alikuwa wa Gerezani, baba yake kafariki, amelelewa na mjomba, na neno la mwisho lilikuwa la huyo mjomba. Sasa kwetu mposaji haendi mwenyewe. Unatuma mshenga, mtu mzima anayejua kusema, wewe unakaa nyumbani ukijifanya huna habari. Ukienda mwenyewe umeidharau nyumba ya watu, posa imekufa hapohapo. Mshenga wangu alikuwa jirani yetu, mkaanga samaki wa Feri. Kila nikimuuliza: leo samaki wamekuja wengi, kesho goti linauma, siku nyingine hana nguo ya kuendea. Nikamshonea kanzu mpya. Akaivaa, akaenda nayo harusi ya mtu mwingine.

Asubuhi moja binti akaja na gauni la kupunguza. Akalitupa juu ya charahani, macho barabarani.

"Huyo mshenga wako anapitia Bagamoyo? Kuna mwenzio wa Kisutu, watu wake wanakuja kesho kwa mjomba."

Charahani niliifunika hata uzi sijakata.

Mjomba nilikuwa sijawahi kumwona. Nilijua tu anafanya kazi Mchafukoge, kwa Mhindi mmoja tajiri aliyejaza ghala lake motokaa za zamani na mashine za kuchezacheza, watu wanaingia kutazama. Na niliambiwa ni mzee wa kanzu na kofia, ndevu nyeupe, hana maneno mengi. Nikajidanganya kwamba naenda kumtazama uso tu, kama mtu anavyotazama mawingu kabla ya kuanika nguo.

Nje jua linachoma, ndani giza. Nikaona motokaa ina magurudumu kama ya baiskeli na honi ya mpira. Nikaona kinanda kinajipigia chenyewe, na ndege wa bati analia kwenye kizimba. Siku nyingine ningekaa hapo mpaka nifukuzwe. Siku ile sikutulia popote, nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndipo nikamwona, pembeni ya mlango, kwenye kiti: kanzu, kofia, ndevu nyeupe. Ananyanyua kikombe cha kahawa, anakunywa, anatikisa kichwa juu chini kama anayekubali.

"Shikamoo, mjomba."

Akatikisa kichwa. Marahaba hakuna.

Mtu mzima asipoitikia shikamoo, ama ni kiziwi ama ana lake moyoni. Nikaona kashanijua, basi nikajimwaga.

"Mjomba, najua sikutakiwa kuja. Lakini mshenga wangu na samaki wake, mjomba! Huyo wa Kisutu simsemi vibaya, labda ni mtu mwema. Ila mimi na binti yako tumeshaelewana. Nikimkosa, miguu hii itanifikisha Kigoma bila treni."

Akanywa. Akatikisa kichwa. Nikasema moyoni, kikombe chenyewe kidogo, mbona hakiishi?

"Kwa hiyo umeridhia, mjomba?"

Akatikisa kichwa.

Nikaurukia mkono wake niubusu. Ulikuwa wa bati, baridi. Kifuani kitu kikakoroma, kichwa kikainama, kikombe kikasimama hewani. Nikadhani nimemuua.

"Kamani imeisha," sauti ikasema nyuma ya motokaa. "Umemsemesha sana."

Akatokea mzee mwingine, kanzu ileile, ndevu zilezile, mkononi kitambaa cha mafuta. Akamzunguka yule wa bati, akamtia ufunguo mgongoni, akaijaza kamani kama ya saa. Yule akaendelea na kahawa yake.

"We ndiye fundi charahani?"

"Ndiyo, mjomba. Shi..."

"Usiniamkie!" Kitambaa juu. "Ukiniamkia, umekuja kwangu. Na ukija kwangu mwenyewe, sikupi mtu. Umezungumza na nani hapa?"

Nikamwangalia yule wa bati. "Na... huyu mzee."

"Basi maneno yako yako kwake. Mimi nilikuwa napangusa motokaa. Mshenga wako awe kwangu kabla ya magharibi."

Nikatoka bila kuaga, nikakimbia mpaka Feri. Mshenga nilimtoa kwenye karai likiwa bado motoni, akaenda kuposa ananuka samaki changu. Aliporudi alikuwa ameduwaa.

"Wamekubali. Lakini mzee kasema yule wa mlangoni alisharidhia, yeye ni nani apinge. Mlangoni sikuona mtu. Nani huyo?"

"Ni mzee mmoja," nikasema, "mpenda kahawa."

Siku ya harusi ndipo nikaruhusiwa kumwamkia mjomba. Nikainama mbele ya watu wote. "Shikamoo, mjomba."

Akanyanyua kikombe. Akanywa. Akatikisa kichwa. Akanyanyua tena, akanywa tena, mimi nimeinama, miguu inapiga kama charahani, watu wanaanza kuangaliana.

"Marahaba," akasema mwishowe, na kahawa ikamtoka puani kwa kucheka.